Mama alikuwa ananikalisha mlangoni

Wengi mliokuwepo Jumapili ile mmeniomba niandike nilichosema kanisani kuhusu usonji na imani, na wengine hamkuwepo ila mmesikia nusu nusu, kwaiyo nimekaa nikaandika kama ilivyokuwa. Mimi siwezi kuongea mbele za watu bila daftari, kwaiyo sehemu kubwa ilikuwa imeshaandikwa, ila kuna mahali niliongeza pale pale. Ilikuwa baada ya ibada ya pili, hapa hapa Moshi, mwezi wa nne, wamebaki wazee wa kanisa, walimu wa shule ya Jumapili na wazazi kadhaa.

Bwana Yesu asifiwe.

Mchungaji shikamoo. Wazee wa kanisa, baba zangu na mama zangu, shikamooni. Wenzangu na wadogo zangu, habari za ibada. Naomba mniruhusu nisome, na naomba mniruhusu nisiwaangalie usoni, nitakuwa naangalia daftari na ile saa pale ukutani. Nikiwaangalia machoni maneno yanapotea. Sio dharau, ndo maana nimetangulia kusema.

Namshukuru Mungu mvua ya masika imetulia, maana ikinyesha kwenye haya mabati nisingeweza kuongea kabisa, ningekuwa nje sasa hivi.

Nina miaka 43. Nilipokuwa na miaka 39 mtaalamu aliniambia nina usonji. Sikuupata nikiwa na miaka 39, nilizaliwa nao kule juu Old Moshi, nikanyonya nao, nikasoma nao, nikapata kipaimara nao, ila jina lake nimelijua juzi tu. Wazee wameniomba nieleze usonji na imani vinakaaje pamoja. Mimi naanza na benchi.

Tangu nina akili, kule kanisani kwetu mama alikuwa anakaa benchi la mwisho kabisa upande wa mlango, na mimi ananiweka pembeni, mwisho wa benchi, mguu mmoja karibu uko nje. Wamama wenzake walikuwa wanakaa mbele, na mama alikuwa mtu wa heshima zake, wanamuita, mama fulani njoo huku mbele, anatabasamu anabaki pale pale. Mimi nilidhani anapenda upepo. Wakianza pambio na ngoma mimi natoka, nakaa chini ya mti, pambio likiisha narudi, na mama hageuki, hanikemei, hanivuti mkono, anasogea tu kidogo nipate nafasi. Miaka zaidi ya 20 hatujawahi kuliongelea hilo jambo hata siku moja.

Nyumbani hivyo hivyo. Mtori mimi ulikuwa unanishinda, ile nyama ikishapondwa ndani ya ndizi ni kama mtu amenitilia mchanga mdomoni, basi mama alikuwa anachota ndizi zangu kabla hajachanganya, anaziweka kwenye kisufuria cha peke yake, nyama yangu anaila yeye. Nguo za mitumba akinunua pale Memorial anatoa lebo ya shingoni kabla hajanipa, na anaifumua yote na uzi wake, sio ile ya kukata na mkasi kikabaki kipande kinachoma siku nzima.

Na Disemba. Mnajua wenyewe Disemba ya kwetu, ukoo wote unapanda mlimani, gari za Dar, za Arusha, za Nairobi, watoto ambao hamjawahi kuonana, mbuzi, mziki, moshi wa nyama, na kila mtu mzima anataka umpe mkono umwambie uko darasa la ngapi. Tarehe 25 kama saa nne hivi asubuhi mama alikuwa ananiita kwa ukali mbele ya watu wote, "wewe, ng'ombe hawajala, kakate majani!" Nachukua mundu naenda zangu kwenye migomba nakaa huko hata masaa mawili, narudi nikiwa nimepumua. Nimekuja kujua nikiwa mtu mzima kabisa kwamba wale ng'ombe walikuwa wameshakula. Alikuwa anawalisha alfajiri yeye mwenyewe, kabla wageni hawajaamka, alafu ananikaripia ili nipate sababu ya kuondoka bila mtu kuniuliza.

Mtaniuliza, sasa shuleni hawakuona? Hawakuona, na siwalaumu, maana angalieni malezi yetu. Mtoto wa kike hamuangalii mkubwa machoni, anainamisha uso anasema shikamoo. Mtoto wa kike haongei ongei. Mtoto wa kike anakaa alipoambiwa. Mimi niliinamisha uso kwa sababu macho ya mtu yananichoma, nilikaa kimya kwa sababu sikujua ni saa ngapi ya kuingia kwenye maongezi, na watu walikuwa wanamwambia mama hongera, huyu binti ana adabu. Nilisifiwa kwa kile kile kilichokuwa kinanitesa! Alafu nikakua, nikaenda kuomba kazi, na pale sasa wanataka uangalie mtu machoni, ujieleze, utabasamu, na yule yule mwenye adabu akawa ana kiburi, anajisikia, hasalimii watu vizuri.

Sasa niseme usonji wenyewe ni nini, kwa kifupi. Ni namna ubongo ulivyojengwa tangu mtoto yuko tumboni. Wataalamu wanaangalia mambo makubwa mawili. La kwanza ni mawasiliano na mahusiano, kusoma sura za watu, kuelewa kilichosemwa kwa mafumbo, kujua zamu yako ya kuongea. La pili ni kurudia rudia vitu, kung'ang'ania utaratibu, kuzama kwenye jambo moja, na humo humo kuna hisia za mwili, sauti, mwanga, harufu, kuguswa, ambazo kwa mwenzako ni za kawaida na kwako ni kali kupita kiasi, au kinyume chake, mtu anaungua mkono hata hashtuki. Hakuna kipimo cha damu, hakuna picha ya kichwa itakayouonyesha, mtaalamu anakuangalia, anakuuliza, anasikiliza ulivyokuwa utotoni. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 ilikuwa ni mtu 1 kati ya kila 127 duniani. Wazee mna daftari la washirika, kagaweni wenyewe mtaona tuko wangapi humu ndani na nje ya humu ndani.

Na naomba mnielewe, mimi naongea, nina kazi, nalipa kodi ya nyumba. Kuna mwenye usonji ambaye hatatamka neno maisha yake yote na anahitaji mtu wa kumshika usiku na mchana. Msimpime huyo kwa kuniangalia mimi, na msinipime mimi kwa kumuangalia huyo.

Hapa sasa naingia sehemu ngumu. Naomba nisome bila kusimama.

Nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha sita nasubiri matokeo, nilikuwa nakaa kwa ndugu hapa mjini. Siku moja pale stendi, kelele za makonda, honi, jua, mtu akanishika mkono kwa nguvu anivute kwenye gari lake, nikaanguka chini nikaziba masikio nikawa nalia najipiga kichwa na ngumi. Watu wakajaa. Nyumbani wakakaa kikao wakaamua nipelekwe kwenye mkesha wa maombi. Sitataja ni wapi wala ni kina nani, baadhi yao wameshatangulia mbele za haki, na naamini mpaka leo walinipenda. Mama hakuambiwa.

Walinizunguka watu kama kumi, mikono kichwani, mabegani, mgongoni, tumboni, mafuta yenye harufu kali kwenye uso, maiki iko karibu na sikio langu, na kila mtu anaomba kwa sauti yake na maneno yake. Kwa mtu kama mimi huo ni moto, sina neno lingine. Mwanzoni nililia nikasukuma ile mikono, wakasema limekasirika hilo pepo, wakaongeza sauti. Alafu ikafika mahali nikazima. Ni kama umeme unavyokatika, unasikia ila kwa mbali, mdomo haufunguki, mwili umelegea, machozi yamekata. Wakasema limetoka. Wakaimba, wakashangilia, wakanifunika khanga. Siku nne sikutamka neno, na wao wakaambiana, mnaona, ana amani sasa.

Na mimi niliamini. Hapo ndipo panaponiuma kuliko ile mikono. Niliamini lilikuwepo na limetoka, kwaiyo kelele ziliponirudia wiki iliyofuata nikajua limerudi, na kama limerudi basi ni imani yangu ndogo. Karibu miaka 20 nilikuwa natubu masikio yangu. Nilifunga. Nilitoa sadaka ya shukrani kwa uponyaji ambao nilijua moyoni haujatokea, alafu nikarudi nyumbani nikatubu kwamba nimemdanganya Mungu. Kuna wakati niliomba nisiamke.

Sisemi watu wasiombewe. Mimi naombewa mpaka leo. Nasema tu mjue binti wa miaka 19 aliondoka pale akiwa ameshaamini kwamba Mungu hamtaki alivyo, na aliishi hivyo mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe.

Kilichonibakiza kanisani ni liturugia. Nawaambia ukweli. Najua tukishaimba tutatubu, tukitubu tutasema Bwana utuhurumie, najua masomo yako wapi, najua imani inasemwa lini, najua tutasimama lini na tutakaa lini, na maneno ni yale yale niliyoyasikia nikiwa kwenye lile benchi la mlangoni. Wiki nzima dunia ilikuwa inanirukia kama mbwa, Jumapili nafika mahali ambapo kitu kinachofuata nakijua. Nilipokuwa chuoni wenzangu wa fellowship waliniambia sala ya kukariri ni sala iliyokufa, mtu anatakiwa aombe kwa maneno yake yanayotoka rohoni. Nikajaribu, maneno hayaji, nikaona ndo yale yale, sina Roho. Saizi ninapoomba asubuhi nasema maneno yale yale kila siku, kwa mpangilio ule ule, nikiwa nimekaa sehemu ile ile, na sitaomba msamaha tena kwa hilo. Wanafunzi walipomuomba Bwana awafundishe kusali aliwapa maneno, na sisi wote humu tumeyakariri.

Sasa kazi yangu. Mimi naonja kahawa. Hapa Moshi ndo kwenye mnada wa kahawa, wengi mna vihamba vya kahawa na mnajua yale madaraja ya kahawa, AA ni nini na PB ni nini, ila labda hamjui kule mezani tunafanyaje. Tunapima gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa kwa mililita 150 za maji, yakiwa na joto kama nyuzi 93, tunasubiri dakika 4, tunavunja ule utando wa juu kwa kijiko na pua iko pale pale kwenye kikombe, alafu ikipoa kidogo tunaonja kwa kufyonza kwa nguvu ili isambae mdomo mzima. Ni kelele. Ila ni kelele ambayo najua inakuja saa ngapi na inaisha saa ngapi, kwaiyo hainiumizi. Pua hii ambayo haiwezi kuvumilia pafyumu ya dada aliyekaa benchi la mbele ndo pua inayojua gunia hili lilikaa na unyevu, hili lilichachuka kwa sababu mkulima alichelewa kuosha, hili lilianikwa karibu na moshi wa jiko. Mwili ni mmoja. Nilikuwa naomba Mungu aniondolee huu ukali wa pua na masikio, na mwisho wa mwezi nakula kwa huo huo ukali.

Msichukue hapo mkasema kila mwenye usonji ana kipaji. Wengi hawana kitu kama hicho na hawadaiwi kuwa nacho ili wapate nafasi ya kukaa.

Nilijuaje? Kwa mtoto wa mdogo wangu. Alifika miaka minne haongei, anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja kutoka sebuleni mpaka jikoni, ukigusa kimoja analia mpaka anatapika. Mdogo wangu alikuwa anaogopa kwenda kliniki peke yake nikamsindikiza. Daktari anamuuliza mtoto anafanya hivi, mtoto anafanya vile, na mimi nimekaa kwenye kona na mkoba wake, nikajikuta kila swali najijibu mimi. Kuna moja aliuliza, je, akibadilishiwa njia anasumbuka? Nikasema ndio kwa sauti, wakageuka wote wawili kuniangalia.

Kutoka siku ile mpaka nikapata mtu wa kunipima mimi mwenyewe ilipita zaidi ya mwaka. Wataalamu wengi wamezoea watoto. Sehemu moja niliambiwa wewe una kazi na unaongea vizuri, huna shida yoyote, nenda kaolewe. Nilirudi nyumbani nikalala siku mbili. Ila baadae nikapata mtu, tukakutana mara tatu, na mara ya tatu akasema anahitaji mtu aliyenijua nikiwa mdogo.

Mama akashuka na hiace kutoka Old Moshi, amevaa kitenge chake cha kanisani na ndizi mbivu kwenye kapu kwa ajili ya daktari. Mtaalamu akawa anamuuliza kwa upole, mama anajibu kwa Kiswahili, akikwama anaingiza Kichaga mimi natafsiri. Alikuwa anasalimia watu? Hapana. Alikuwa anacheza na wenzake? Alikuwa anapanga kahawa kwenye kitanda cha kuanikia, mbichi huku, nyeusi huku, zilizotobolewa na mdudu huku. Mtaalamu akaandika, alafu akauliza, sasa mama kwa mtoto wa namna hii wewe ulikuwa unafanyaje?

Mama akamuangalia kama hajaelewa swali. Akasema, "nilikuwa namkalisha mlangoni."

Alafu ndo akaanza kusema mengine yote, ya kisufuria, ya lebo, ya ng'ombe. Mimi nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Sikulia pale. Nililia siku tatu baadae kazini nikiwa naosha vikombe.

Mkidhani baada ya hapo nilifurahi, kwanza ndio, nilifurahi, kama mtu aliyebeba mzigo akaambiwa tua. Alafu zikaja hasira. Nilimkasirikia Mungu miezi kadhaa, nilimuuliza miaka 39 ulikuwa unasubiri nini, kwa nini uliniacha nitubu kitu ambacho sio dhambi. Mchungaji nilipomwambia hakunijibu kwa haraka, alikaa kimya na mimi ofisini kwake, na ule ukimya ulinisaidia kuliko jibu.

Kuna kitu nilikisoma wakati ule na naomba niwasimulie. Mwaka 1943 kule Marekani daktari Leo Kanner aliandika kuhusu watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, na maandishi yale ndo watu wengi wanayachukulia kama mwanzo wa usonji kujulikana hospitalini. Mtoto wa kwanza kwenye ile orodha aliitwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Huyu mtoto alipelekwa kuishi na mkulima mmoja na mke wake, watu wa shamba tu. Mwaka 1945 daktari akaenda kumtembelea. Akakuta mtoto alikuwa anahesabu mistari ya mahindi, anahesabu, anarudia, haachi, basi yule mkulima akampa jembe la kukokotwa na farasi akamwambia haya, hesabu huku unalima. Alikuwa anapenda kupima vitu, wakampa kazi ya kuchimba kisima awe anawaambia kimefika urefu gani. Nilivyosoma hapo nikafunga nikakaa. Mundu na majani ya ng'ombe. Yule mkulima hakuwahi kusikia neno usonji, na mama yangu hakuwahi, na wote wawili walifika mahali pale pale kwa kumuangalia mtoto. Donald alikua, akasoma chuo, akafanya kazi benki hapo hapo mjini kwao, watu wa pale wakamjua na kumzoea alivyo, na amefariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Na hao hao madaktari waliosoma wakaja kukosea pakubwa. Miaka ya 1950 na 1960 wengi walikuwa wanafundisha kwamba usonji unaletwa na mama mwenye moyo wa baridi asiyempenda mtoto. Fikirieni wamama waliobeba hilo! Mpaka mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia na yeye mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, akaandika kwa ushahidi kwamba jambo ni la mwili, ni la ubongo. Saizi tunajua sehemu kubwa ni vinasaba, inatembea kwenye ukoo, ndo maana mimi na mtoto wa mdogo wangu. Lakini huku kwetu bado mama anaambiwa umekosea mila, umeenda kwa mganga, ulimtukana mkwe, hukuomba ukiwa na mimba. Na juzi mama mmoja yuko hapa aliniuliza kwa kunong'ona kama ni chanjo. Mama, sio chanjo. Ile makala ya mwaka 1998 iliyoanzisha hayo maneno ilifutwa na jarida lenyewe lililoichapisha, mwaka 2010. Hujamfanya kitu mtoto wako.

Wanafunzi walimuuliza Bwana hivyo hivyo kuhusu yule kipofu, nani katenda dhambi, yeye au wazazi wake. Jibu lake mnalijua, si yeye wala wazazi wake, wote mmelihubiri.

Mimi ninayekaa naye sana ni Musa. Sisemi Musa alikuwa na usonji, hilo hakuna anayeweza kulisema. Nasema pale kwenye kijiti kinachowaka Musa alimwambia Mungu mimi si msemaji, ulimi wangu ni mzito. Na Mungu angeweza kumponya ulimi pale pale, fimbo imegeuka nyoka, mkono umepata ukoma na kupona, ulimi ungemshinda? Hakuuponya. Alimpa Haruni. Akamtuma na ulimi wake ule ule mzito, na mtu wa kusimama naye. Miaka yote niliyokuwa naomba kuponywa, Haruni wangu alikuwa amekaa pembeni yangu kwenye benchi la mwisho na kitenge chake, na mimi nilikuwa nadhani anapenda upepo.

Mama alilala mwaka juzi mwezi wa nane. Wengi mlikuja msibani, Mungu awabariki. Mlinipa mikono, mia na kitu, kila mmoja pole, pole, na sikulia, na najua yamesemwa maneno kwamba sina moyo. Nilikuwa nimezima, kama ile siku ya miaka 19. Nilimlilia baadae, kwenye banda la ng'ombe.

Nikarudi hapa kanisani Jumapili ya tatu baada ya maziko. Pale mlangoni, mwisho wa benchi, palikuwa pamewekwa spika mpya. Hakuna aliyekosea, spika lazima ikae mahali. Ila mimi nilisimama pale nikaona sina pa kukaa, na wa kusogea hayupo, nikageuka nikaenda nyumbani. Miezi mitatu sikuja. Wengi mlinitumia meseji za kunitia moyo nirudi nisilegee kiimani, na nawashukuru. Mzee mmoja wa kanisa, hapendi nimtaje, alikuja nyumbani akakaa kwenye kigoda nje, hakuuliza imani yangu ikoje, aliuliza, "dada, ni kitu gani pale kanisani kinakutoa?" Nikamwambia spika. Akasema basi. Jumapili iliyofuata spika imehamishwa.

Kwaiyo walimu wa shule ya Jumapili, mtoto akiziba masikio msimtoe mikono. Akitoka nje wakati wa pambio mwacheni atoke na mtu mzima amuangalie kwa mbali tu, atarudi. Ratiba ikibadilika, kama leo hakuna maigizo au mwalimu mwingine ndo atafundisha, mwambieni mapema kabla hajaingia, sio akiwa ameshakaa. Asiyetaka kutoa mkono asilazimishwe mbele ya wenzake. Mimi mkiniona nimeweka mkono kifuani mjue nimekusalimia kwa moyo wote. Na ukitaka kuniombea niulize kwanza, alafu omba taratibu, bila kunigusa, nitasema amina.

Wazazi ambao watoto wenu mnawaacha nyumbani na dada wa kazi kila Jumapili kwa sababu ya macho ya watu, najua mko humu. Nimeongea na mzee, benchi la mwisho upande wa mlango kuanzia wiki ijayo halitakaliwa na mtu mwingine. Linatosha watu sita. Mwisho kabisa nitakaa mimi, na mkija nitasogea.

Naona kwaya wanajiandaa. Natoka nje kabla hawajawasha vyombo, nitakuwa pale chini ya mti. Mwenye swali anifuate, ila mje mmoja mmoja.